Fungu la Asiyekuwapo

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii haina mzaha ndani yake. Sokoni, anayechelewa hukuta bidhaa nzuri zimekwisha. Penye karamu, aliyebaki nyumbani hulala na njaa yake. Na urithi unapogawanywa mbele ya wenye sauti kubwa, yatima aliye mbali huachiwa kile ambacho wengine wamekikataa. Hatuwezi kusema kwamba wazee wetu walikosea. Waliutazama ulimwengu, wakasema walichokiona.

Hata hivyo, methali yaweza kusema mambo yalivyo bila kusema yanavyopasa kuwa. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jambo moja ambalo watu wa Usukuma walilitenda kizazi baada ya kizazi kinyume cha methali hiyo, nalo ni kulima kwa pamoja mashamba ambayo kila mmoja ana fungu lake. Swali letu ni hili: furaha ya mtu mwenye fungu katika kazi ya pamoja hutoka wapi? Je, hutoka katika chakula anachokipata, au katika kitu kingine? Na kama ni kitu kingine, je, kitu hicho chaweza kuamrishwa, au kununuliwa, au kufundishwa shuleni?

Swali hili si la anasa. Katika Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita, kijana anayemaliza masomo yake hujikuta penye njia panda. Upande mmoja lipo shamba la wazazi wake. Upande wa pili yapo mashimo ya dhahabu. Pote pawili watu hufanya kazi kwa makundi, na pote pawili hugawana wanachokipata. Asipoulizwa na mtu, atajiuliza mwenyewe: ni fungu gani lililo bora, na ubora wake hupimwa kwa kipimo gani?

Yafaa kwanza tuitazame nchi yenyewe, kwa maana desturi za watu hazioti hewani. Shinyanga si nchi ya mvua nyingi. Kwa mwaka hupata kama milimita 600 hadi 800, nazo hazinyeshi kwa mpango. Mvua huanza Novemba au Desemba, aghalabu husita Januari au Februari, kisha hurudi hadi Aprili au Mei. Udongo mweusi wa mbuga, ukiwa mkavu, ni mgumu kama tofali. Ukilowa sana hunata miguuni na kwenye jembe. Siku zilizo kati ya ugumu na utelezi ndizo siku za kulima, nazo ni chache. Anayechelewa kupanda mtama au pamba kwa majuma mawili aweza kuyajutia majuma hayo mwaka mzima. Katika nchi kama hiyo kitu kilicho adimu si ardhi tu wala mbegu. Ni mikono mingi kwa siku zile zile chache.

Kutokana na haja hiyo ndipo ilipotokea elika, yaani kundi la vijana wa kijiji waliolima kwa pamoja. Neno hilo la Kisukuma ni ndugu wa neno letu rika. Kiongozi wao aliitwa nsumba ntale, maana yake kijana mkubwa, naye hakuwa mtemi wala mtoto wa mtemi kwa lazima. Alichaguliwa kwa bidii yake na kwa namna alivyoweza kuwapatanisha wenzake. Elika ililima mashamba ya wanachama kwa zamu, na ililima pia kwa mwenyeji mwingine aliyewaalika na kuwaandalia chakula, pombe, au mbuzi. Mtu mmoja huihangaikia ekari moja kwa majuma kadhaa. Watu thelathini huweza kuimaliza kabla jua halijawa kali.

Kazi hiyo haikufanywa kimya. Walijipanga mstari mmoja, ngoma ikalia, mwimbaji akaanzisha, na majembe yakapanda na kushuka kwa pigo moja. Ngoma ya bugobogobo, ambayo leo tunaitazama majukwaani, vijana wakiyarusha majembe hewani na kuyadaka, ilizaliwa shambani. Walioigeuza kuwa maonyesho hawakukosea, lakini anayeitazama kama maonyesho tu hupitwa na maana yake. Pigo la ngoma lilikuwa na kazi. Lilimzuia mwenye nguvu asikimbie mbele kujionyesha, na lilimvuta aliyechoka asibaki nyuma kwa aibu. Mstari wa elika haukwenda kwa mwendo wa aliye hodari kuliko wote, wala kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote. Ulikwenda kwa mwendo ambao wote waliuweza pamoja.

Hapa ndipo tunapoikuta furaha ya kwanza, nayo ni ya kazi yenyewe. Mtu anayelima peke yake huhesabu matuta yaliyobaki. Anayelima mstarini huusikiliza wimbo. Mgongo humwuma vile vile, ila maumivu yake yamepata wenzi. Furaha ya pili ni ya chakula, nasi hatutaidharau. Ugali wa mtama unaoliwa na watu waliotoka kulima pamoja, pamoja na maziwa ya mgando au mlenda, si sawa na ugali ule ule unaoliwa na mtu mmoja penye mlango uliofungwa. Vivyo hivyo michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa kwa ajili ya miezi ya njaa, huwa na utamu wa pekee vinapotoka katika ghala ambalo mlaji alishiriki kulijaza.

Lakini twaamini kwamba iko furaha ya tatu, iliyo kubwa kuliko hizo mbili, nayo ndiyo kiini cha makala haya. Tutaieleza kwa jambo moja la utotoni mwetu.

Katika kijiji tulichokulia, palikuwa na mama mmoja mjane aliyelima shamba dogo kando ya mbuga. Mwaka mmoja, mvua za kwanza zilipoanza, aliugua akapelekwa hospitali ya mbali, akakaa huko karibu miezi miwili. Sisi watoto tuliwasikia watu wazima wakisema kwamba huenda hatarudi. Hata hivyo zamu yake ilipofika, vijana walikwenda shambani kwake. Hapakuwa na mwenyeji wa kuwapikia. Kila mmoja alibeba chakula chake. Walilima, wakapanda, na baadaye wakarudi kupalilia. Mama yule alirudi akiwa amekonda, akijikongoja kwa fimbo, naye alijua moyoni mwake kwamba mwaka ule hana shamba. Alipoukuta mtama umefika magotini, alisimama. Kisha akapita kati ya mistari polepole, akigusa majani kana kwamba anayahesabu. Akawauliza vijana waliokuwa wakipita, “Ni nani aliyelima hapa?” Mmoja wao akajibu, “Mayu, tulilima sote, nawe ulikuwapo.”

Tulikuwa wadogo, wala hatukuyaelewa maneno hayo. Tulijua kwamba hakuwapo, alikuwa hospitali. Ilitupasa kufikia utu uzima ndipo tufahamu kwamba kijana yule hakusema uongo. Mama yule alikuwapo kwa sababu alihesabiwa. Mwili wake ulikuwa mbali, lakini nafasi yake katika mstari haikufutwa. Methali isemayo kwamba asiyekuwapo na lake halipo ilishindwa siku ile katika shamba moja dogo la mtama.

Basi, twajibu swali letu la kwanza hivi: furaha iliyo kubwa katika fungu la pamoja ni furaha ya kuhesabiwa. Chakula huisha, wimbo hunyamaza, lakini mtu ajuaye kwamba amo katika hesabu ya wenzake, awepo au asiwepo, awe mzima au mgonjwa, hulala usingizi ambao tajiri mwenye ghala zake peke yake haupati. Yule tajiri analo jambo la kuliogopa kila siku, nalo ni siku ambayo mali yake haitatosha. Mwenye fungu naye anaogopa ukame, lakini haogopi kwamba ukame utamkuta akiwa peke yake.

Mtu aweza kutupinga. Aweza kusema: “Haya ni maneno ya kutamani zamani. Siku hizi mwenye plau na ng'ombe wanne, au mwenye fedha za kukodi trekta, hulima kuliko elika, bila kupika wala kuwasubiri watu.” Pingamizi hili lina ukweli. Hatutaki kijana yeyote arudi kwenye jembe la mkono kwa sababu tu babu yake alilitumia. Lakini trekta hujibu swali la ekari; halijibu swali la mjane aliye hospitali. Mashine humlimia aliyelipa, wala haimjui ambaye angelipa kama si ugonjwa. Kwa hiyo si vyema kuuliza kama tutumie jembe au trekta. Swali ni kama katika hesabu ya kifaa chochote tukitumiacho mna nafasi ya asiyekuwapo.

Tukitaka kuona tofauti hiyo vizuri zaidi, na tusafiri hadi Geita. Wajerumani waliitambua dhahabu ya huko mwaka 1898. Mgodi wa wakati wa ukoloni ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000. Pembeni mwa migodi hiyo mikubwa, mahali kama Nyarugusu na Mgusu, maelfu ya wachimbaji wadogo hutafuta riziki zao katika mashimo wayaitayo maduara. Huko pia kuna fungu. Mwenye duara hutoa fedha za magogo, pampu na chakula. Wachimbaji hutoa nguvu zao na kuhatarisha uhai wao. Mwenye ardhi au mwenye leseni naye ana haki yake. Mawe yakitoka hugawanywa kwa mifuko, kila upande ukachukua mgawo wake, kisha mawe husagwa kwa karasha na dhahabu hukamatwa kwa zebaki, ambayo ni sumu kwa mshikaji na kwa maji ya jirani.

Hatusemi hayo ili kuwadharau wachimbaji. Wengi wao ni watoto wa wakulima, na fedha zao zimejenga nyumba na kusomesha wadogo zao. Wala hatusemi kwamba hawana utu. Duara linapoporomoka, watu hao hao ambao jana waligombania mifuko huacha kila kitu na kufukua usiku na mchana wakiwatafuta wenzao. Utu wanao. Kilicho tofauti ni namna ya fungu lenyewe. Katika duara, fungu huhesabiwa kwa mawe yaliyopo na kwa watu waliopo. Mchimbaji aliyeugua kabla mwamba wenye dhahabu haujafikiwa, hata akiwa amechimba miezi mitatu patupu, yumo hatarini kukuta mifuko imegawanywa na wenzake wametawanyika kufuata uvumi wa dhahabu mahali pengine. Duara likiisha, undugu wake nao huisha, kwa sababu hapana mwaka ujao. Shamba, kinyume chake, humlazimisha mtu kurudi. Anayemdhulumu jirani mwaka huu atakutana naye tena mstarini mvua zijazo. Kwa hiyo kudumu kwa shamba ni mwalimu wa uaminifu, na kupita kwa duara ni kishawishi cha usahaulifu.

Sasa tufike kwenye swali la pili: je, furaha hiyo yaweza kuamrishwa? Hapa hatuna budi kusema kweli juu ya historia yetu wenyewe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaka kuuchukua moyo wa kuishi na kufanya kazi pamoja uliokuwamo katika jamii zetu na kuujenga uwe msingi wa taifa. Nia hiyo ilikuwa njema, nasi hatuoni haya kuitaja. Lakini mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wengi wa Shinyanga walihamishwa kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika, na wengine hawakuhama kwa hiari. Katika vijiji vingi shamba la pamoja lilipata saa chache na nguvu hafifu, wakati shamba la kila kaya lilipaliliwa alfajiri. Wako waliosema kwamba wakulima ni wavivu. La hasha! Watu hao hao ndio waliokuwa wamelima kwa ngoma bila kuamriwa na mtu.

Tukitafuta sababu, tutaiona katika historia ya pamba. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, wakulima wa Kanda ya Ziwa walishuku kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja. Wakaanza kuunda vyama vyao vya msingi ili wapime pamba yao wenyewe, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Ushirika huo ukawa miongoni mwa vyama vikubwa vya wakulima katika Afrika. Haukuanzishwa kwa amri. Ulianzishwa na watu waliotaka kuiona mizani kwa macho yao. Baadaye nao ulipata kasoro za uongozi na hesabu, na mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini. Sheria ya mwaka 1982 iliviruhusu tena. Katika kupanda na kushuka huko mna fundisho moja: mkulima hutoa nguvu zake kwa moyo pale ambapo aliingia kwa hiari, anapoiona hesabu, na anapokuwa na sauti. Yakikosekana hayo, fungu lake huwa jina tu katika daftari la mtu mwingine. Wahenga walinena pia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari lisilofunguliwa mbele ya wenye mali ni sawa na kutokuwa na daftari.

Mfano wa jambo hilo likifaulu uko Shinyanga kwenyewe. Tangu zamani Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili. Mvua zinapoanza, sehemu ya malisho hufungwa ili nyasi na miti ikue bila kuguswa. Kiangazi kinapokuwa kikali, hufunguliwa kidogo kidogo, na wanaotangulia kulishwa ni wanyama wasioweza kwenda mbali, kama ndama, wagonjwa, na ng'ombe wazee. Wakati wa ukoloni na baada yake, misitu mingi ilikatwa ili kuwafukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, na ngitili nazo zikapungua mno. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kwa kifupi kama HASHI. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000.

Wataalamu walisaidia sana, lakini siri kubwa ni kwamba hawakuleta desturi ngeni. Walikuta jambo ambalo watu walilijua, wakaziacha kaya na vijiji viamue mipaka, na mikutano ya jadi iitwayo dagashida itunge sheria na kuwatoza faini wavunjaji. Na tuangalie fungu la ngitili ni la nani. Anayefunga malisho mwezi Desemba, wakati nyasi ni tele, humwekea akiba ng'ombe mchovu wa Septemba. Anayeacha mche ukue humwekea kivuli mtoto ambaye hajazaliwa. Huyo naye hayupo. Hawezi kuhudhuria mkutano, wala kupaza sauti, wala kudai. Hata hivyo fungu lake limo. Kwa hiyo tunaposema asiyekuwapo, tusimfikirie mgonjwa na msafiri tu. Wajao baada yetu ndio wengi kuliko wote miongoni mwa wasiokuwapo.

Hata hivyo, tungekuwa wanafiki kama tungeisifu jamii bila kuutaja upande wake wenye giza. Jamii iwezayo kumhesabu mtu yaweza pia kumfuta. Katika nchi hii hii ya Usukuma, hasa tangu miaka ya 1970, wanawake wazee waliuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, nayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe walivyopikia watoto na wajukuu kwa miaka mingi. Mikono iliyonyamaza, au iliyoshiriki, ilikuwa ya majirani. Mzee asiyeweza tena kulima, asiye na mume wala mwana wa kumsemea, alihesabiwa kuwa mzigo, na kutoka kwenye mzigo hadi adui ni hatua moja. Jambo hili latufundisha kwamba umoja peke yake si wema. Hata wanyang'anyi huwa na umoja. Wema wa umoja hupimwa kwa hali ya yule ambaye hana tena cha kuuchangia. Tukitaka kujua kama kijiji fulani kina fungu la kweli au kina kundi tu, tusiwaulize vijana walio mbele ya mstari. Tukamwulize bibi kizee aliye mwisho wa kijiji kama analala salama.

Limebaki swali la kununua. Je, mtu wa mjini, asiye na shamba wala nafasi ya kulima, aweza kuwa na fungu? Hapa tunaweza kujifunza kwa wenzetu wa mbali. Huko Japani, katika miaka ya 1970, kaya za mijini zilianza kupatana moja kwa moja na wakulima katika utaratibu uitwao teikei, ambao msingi wake ni kujuana na kuaminiana. Huko Marekani, mwaka 1986, shamba moja la Massachusetts na jingine la New Hampshire yalianza mpango wa aina hiyo. Wanachama hulipia sehemu ya gharama za mwaka kabla ya kupanda, kisha kila juma katika msimu hupokea fungu la mavuno. Mvua ya mawe ikiharibu nyanya, wote hukosa nyanya, wala hakuna arudishiwaye fedha. Mipango kama hiyo imeenea katika nchi nyingi.

Watu hao hawakuijua elika, lakini walilifikia jambo lile lile kwa njia nyingine. Mnunuzi wa sokoni hulipia kitu kilichopo. Mwenye fungu hulipia kitu ambacho bado hakipo, na pengine hakitakuwapo. Kwa kufanya hivyo hulipia uhai wa shamba na wa mkulima, wala si kilo za mboga peke yake. Tuuwazie mji kama Geita au Kahama, wenye walimu, wauguzi, madereva na wachimbaji, ambao mboga na nafaka zao hupita mikono mingi kabla ya kuwafikia, wakati mkulima wa kijiji cha jirani hukopa mbegu kwa masharti magumu mwezi Novemba. Hapana kitu kinachozuia kaya ishirini za mji kuchangia mbegu na palizi za wakulima watano wanaowajua, wakapokea mafungu yao kadiri Mungu atakavyojalia, na hesabu ikasomwa mbele ya wote. Kama wakivumilia mwaka mmoja wa ukame bila kuvunja mapatano, hapo watakuwa wamenunua kitu kisichouzwa. Fedha zaweza kuufungua mlango, lakini kinachomfanya mtu wa mjini awe wa shamba lile ni mwaka wa hasara alioukubali.

Tumalizie kwa neno kwa walimu na wanafunzi, kwa kuwa kila shule yenye shamba ina elika yake, ijue au isijue. Wengi wetu tulisoma mahali ambapo jembe lilikuwa adhabu. Aliyechelewa alilimishwa, aliyepiga kelele alilimishwa, na mavuno yaliondoka kwa gari bila sisi kujua yamekwenda wapi. Elimu ya namna hiyo hufundisha jambo moja kwa uhakika, nalo ni kuichukia kazi na kuushuku umoja. Mwalimu atakaye kuifundisha furaha tuliyoieleza na aanze na mambo madogo. Asilifanye shamba kuwa adhabu. Awaache wanafunzi wachague nsumba ntale wao. Hesabu ya debe la mwisho na ibandikwe ubaoni. Na mwanafunzi aliyelazwa wakati wa palizi, au aliyebaki nyumbani kumwuguza mama yake, siku ya kula mahindi asiambiwe kwamba hakuwapo. Atengewe fungu lake, na atengewe mbele ya wote, ili wenzake waone na wajue kwamba siku yao itakapofika watatengewa vivyo hivyo.

Hatuwezi kuifuta methali ya wahenga, wala hatupaswi. Itaendelea kuwaonya wazembe na wachelewaji. Lakini pasi na shaka wapo wasiokuwapo ambao si wazembe: mgonjwa, mjane, msafiri, mzee asiye na nguvu, na mtoto ambaye hajazaliwa. Kwa hao, taifa lenye utamaduni linapaswa kuwa na jibu lile la kijana wa elika kwa mama yule kando ya mbuga. Mtama wake ulivunwa Juni mwaka ule. Haukuwa mwingi, lakini fungu la kwanza alilolipima alimpelekea jirani aliyekuwa amejifungua, ambaye hakuweza kufika kwenye mavuno.